Shamba Ambalo Halikuungua

Kapteni Sairagul Omurova alikaa ubavuni mwa gari la polisi, mlango ukiwa wazi, akavua kiatu cha kulia na kukung'uta changarawe. Tangu asubuhi alikuwa akizunguka mashamba ya matunda ya kijiji cha Almalu-Bulak, na kila alikoingia alikuta msiba uleule. Mitufaha ilikuwa imeungua. Majani yamekuwa meusi na makavu lakini hayajadondoka, na ncha za machipukizi zimejikunja kama mpini wa mkongojo. Wala hakuna aliyewasha moto.

Kijiji kizima kilikuwa hivyo, kutoka ukingo wa ziwa mpaka miguuni mwa mlima, isipokuwa shamba moja. Shamba la Ryskul lilikuwa la kijani kibichi, kijani cha ufidhuli kabisa, katikati ya majirani waliofiwa. Ndiyo maana Ryskul alikuwa mahabusu mjini Karakol, na ndiyo maana Sairagul alikuwa na changarawe kiatuni.

"Umeona mwenyewe, kapteni," alisema Jumadil. "Hapa hata kipofu angeona."

Jumadil alikuwa mkuu wa kijiji, mtu mzima mwenye kofia nyeupe ya sufu ambayo hata jua la Julai halikumfanya aivue. Yeye ndiye aliyeandikisha shtaka: jirani yao amepulizia miti yao sumu.

"Nimeona, mzee. Miti yake ni mizima. Kuwa na miti mizima si kosa."

"Na lile bomba la kupulizia dawa? Mlilikuta ghalani kwake, linanuka."

"Liko maabara."

"Maabara, maabara. Mwanangu, watu hapa wamenoa mashoka. Wanataka kwenda kuangusha miti yake yote, ili naye ajue inavyouma. Nimewazuia kwa heshima yangu tu. Ijumaa mwendesha mashtaka asipopata jalada, heshima hiyo haitatosha."

"Kwa nini Ryskul awafanyie hivyo?"

"Kwa sababu ni Ryskul."

Sairagul alivaa kiatu. Jibu la namna hiyo alikuwa amelisikia katika kesi za ng'ombe, za wake na za mipaka, na halijawahi kumsaidia. Akasubiri. Mzee akaendelea mwenyewe.

"Tuligombania maji ya mfereji," alisema. "Ugomvi wa kawaida, kila mtu hapa anagombania maji. Halafu baba yangu akafariki. Hema likasimama uani, watu wakaja kulia kutoka hata Naryn. Yeye, ambaye mfereji wake na wangu ni mmoja, hakuja. Alikuwa anamwagilia."

"Mkamfanya nini?"

"Hatukumfanya kitu. Tulimwacha. Harusi hatumwiti, matanga hatumwiti, kazi ya ujima hatumwiti wala hatuendi kwake. Amejikata mwenyewe."

Sajenti Ulan, askari wa kijiji hicho na mzaliwa wake, aliangalia ardhi. Sairagul akainuka, akaingia shamba la karibu, akachuchumaa chini ya mtufaha uliokuwa umeungua kuliko yote. Chini yake majani ya mifugo yalikuwa yamestawi hadi gotini, mabichi, yenye maua ya zambarau. Akayapapasa. Hata jani moja halikuwa na doa.

"Ulan, njoo. Mtu akipulizia sumu mti huu, matone yanaangukia wapi?"

"Chini, afande."

"Basi ni dawa ya kuua mimea isiyoua mimea. Andika."

Ulan akaandika.

Mahabusu ya Karakol ilinuka klorini na soksi. Sairagul alimletea Ryskul mkate wa duara na chai ya maziwa kwenye chupa, si kwa ukarimu bali kwa sababu mtu aliyeshiba huongea kwa mpango. Ryskul alikuwa mrefu, amepinda mgongo, na mikono yake haikujua ikae wapi pasipo kazi.

"Ndani ya bomba mlikuwa na nini?"

"Mrututu na chokaa, dawa ya ukungu."

"Ulipulizia lini?"

"Matumba yalipoanza kupasuka. Baba yangu alifanya hivyo, nami nafanya hivyo."

"Ulipulizia miti ya nani?"

"Yangu. Mrututu wenyewe haukutosha hata kwangu, nikagawe?"

"Wanasema una kinyongo nao."

"Ninacho." Akamega mkate. "Lakini kinyongo ni kwa watu. Mti umenikosea nini?"

Sairagul alipangusa macho. Alikuwa amelala vibaya wiki nzima, na kule juu ya meza yake kulikuwa na majalada ya farasi watatu walioibwa na la mlinzi aliyevunjwa mguu, yote yakimsubiri yeye. Akauliza kuhusu mvua ya mawe ya mwezi Juni, kwa kuwa kila mtu kijijini alikuwa ameitaja, akataka kusikia na mshtakiwa anaitajaje.

"Ilipiga robo saa," Ryskul alisema. "Machipukizi yalikuwa laini, yanakua mbio wakati ule. Yalivunjika kama majani ya vitunguu. Kwangu kama kwao."

"Ukayapogoa?"

"Peke yangu? Na mgongo huu?" Alicheka bila kufurahi. "Kazi ile hufanywa na kijiji chote, dada yangu. Inaitwa ashar. Wanaanza kwa mkuu wa kijiji, ndiyo heshima yenyewe, halafu shamba kwa shamba kupanda mlima mpaka giza linaingia. Wake wanapika, watoto wanaokota matawi. Siku hiyo nilikaa barazani. Nikaisikia mikasi yao ikilia kwa jirani wa upande huu. Nikawasikia wanapita nje ya lango langu, wanaimba. Kisha mikasi ikalia kwa jirani wa upande ule."

"Hawakuingia?"

"Hawajaingia kwangu tangu msiba ule. Matawi yangu yaliyovunjika bado yananing'inia. Nenda uyaone."

Sairagul alikuwa ameyaona, na kuyaandika kama dalili ya uvivu. Aliufunga mdomo wa kalamu, akakaa akiitazama chupa ya chai.

"Ulikuwa unamwagilia kweli?" aliuliza. "Siku ya maziko."

Ryskul aliuweka mkate chini.

"Zamu yangu ya maji ilikuwa siku hiyo. Nikasema namaliza halafu nakwenda. Nilipomaliza walikuwa wamekwisha kuzika. Nikaona aibu kwenda nikiwa nimechelewa. Kesho yake aibu ikawa kubwa zaidi, na keshokutwa zaidi ya hapo. Sasa hata sijui ningeanzia wapi."

Daktari Zuura Apyshova alikuwa daktari wa mimea, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu ambaye alimlaumu Sairagul kwa kila mteremko. Waliteremka pamoja hadi kando ya ziwa, Sajenti Ulan akiwatangulia, kwenye shamba la Jumadil.

"Bomba lina mrututu," alisema Zuura akihema. "Na majani hayana sumu. Yana bakteria. Ndiyo huu ugonjwa wa kuungua, umeshakula mashamba mengi upande wa kaskazini. Shtaka lako limekufa, kapteni. Naweza kupanda tena garini?"

"Bado. Kwa nini ugonjwa haukumgusa Ryskul? Ni kwa sababu ya mrututu?"

"Mrututu wa wakati wa matumba ulishaoshwa na mvua zamani. Mwezi wa sita usingemlinda na kitu."

"Basi uliingia kwa wengine lini? Hilo ndilo nataka."

Zuura alimtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo kama mtu na si kama kero. Akalivuta tawi la mpeasi wa Jumadil. Mahali ambapo pangekuwa na tunda palikuwa na kishada cha maua meusi, yaliyokauka tangu Mei, yakiwa bado yameng'ang'ania. Chini ya kishada gome lilikuwa limedidimia, na katika ufa wake lilining'inia tone la rangi ya asali.

"Usilishike. Hilo ndilo lenyewe," alisema Zuura. "Bakteria hawa hawatoboi mti mzima, hawana meno. Wanahitaji mlango. Mlango wa kwanza ni ua lililofunguka. Joto likiwepo, na maji kidogo ya mvua, nyuki anawabeba na ua linawanywa. Tumba likiwa limefungwa, hawaingii. Likifunguka kwenye baridi, wanalala tu hapo juu mpaka petali zinaanguka, kwisha habari yao."

"Ulan," aliita Sairagul. "Mwezi wa tano kulikuwa na mvua ya joto?"

"Ilikuwepo, afande. Siku ya harusi ya binti yangu. Hemani mlikuwa kama bafuni, wazee walivua makoti."

"Mipeasi hii ilikuwa imechanua?"

"Pima mwenyewe. Bibi harusi tulimpigia picha hapa hapa, chini ya maua."

"Na mitufaha ya juu?"

Ulan alifikiri. "Bado. Ilikuwa matumba mekundu. Hapa chini ziwa linatia joto, maua ya huku hutangulia. Ya juu ilichanua baadaye, upepo wa baridi ulipokwisha kurudi. Tuliwasha hata moshi kuikinga."

Sairagul aligeuka, akapanda mlima bila kuwasubiri. Shamba la kwanza juu ya la Jumadil: matufaha madogo yalikuwa yamekaa vizuri kwenye vishada vyake, mazima. Maua hayakuwahi kuugua. Kilichoungua ni machipukizi. Akafuata chipukizi moja jeusi kwa kidole, kutoka ncha kurudi nyuma, mpaka akafika mahali lilipoota. Pale palikuwa na jeraha la zamani, limekatwa mshazari, safi, kazi ya mkasi. Chipukizi la pili, jeraha. La tatu, jeraha. Shamba la pili, vilevile. Alipofika shamba la tatu alikuwa haangalii tena majani, anatafuta mikato tu, na weusi wote ulianzia kwenye mkato.

Zuura alimkuta ameketi juu ya jiwe.

"Kwa Jumadil uliingia kwa maua," alisema Sairagul. "Huku kwingine maua yaliokolewa na baridi. Ukakosa mlango. Halafu ikaja mvua ya mawe wakati machipukizi ni mororo, na kesho yake kijiji kizima kikatoka na mikasi. Wakaanzia kwa mkuu wao, kwa heshima."

"Mikasi ileile, bila kuiosha," alisema Zuura polepole. "Wameuchanja ugonjwa mti kwa mti, kama mganga anavyochanja watoto."

"Isipokuwa kwa mtu mmoja ambaye hakualikwa."

Kwa mbali Sajenti Ulan alikuwa amesimama chini ya mti wake mwenyewe, akiitazama mikono yake. Sairagul alimhurumia, na alihuzunika kuliko alivyotarajia, maana alikuwa amemwendea mhalifu na badala yake amekuta wema.

Jioni ile alimweleza Ryskul kila kitu, kwa kuwa ndiye aliyekaa ndani kwa ajili ya jambo hilo. Alimweleza maua, mvua, mikasi. Ryskul alisikiliza akiwa ameshika mshipi wake, aliorudishiwa wakati huo huo.

"Na kwangu?"

"Kwako ni salama, ukiwa makini. Daktari anasema usiruhusu mkasi wa mtu yeyote uguse miti yako mwaka huu. Na wako uuchovye kwenye spiriti, kila mkato."

"Nimesikia, dada yangu. Asante."

Ryskul alipoondoka, Sairagul alimpigia simu Jumadil. Mtandao ulikuwa ukikatika. Alikuwa amesimama kwenye ngazi za kituo, mgongo unamuuma, na mzee upande wa pili anapiga kelele.

"Hana hatia, mzee. Nasema, hakuna sumu. Hakuna aliyewafanyia ubaya."

"Nini basi?"

"Ni ugonjwa. Mambo marefu. Kesho nakuja na daktari tuwaeleze wote pamoja. Ila Ryskul hana hatia, waambie watu warudishe mashoka ndani."

Mzee akashusha sauti.

"Tumemdhulumu, basi," alisema Jumadil.

"Mmemdhulumu."

Angeweza kuendelea. Angeweza kumwambia kuhusu mikasi palepale, ingemchukua dakika moja. Lakini mzee angebisha, angeuliza, angelia pengine, na Sairagul hakuwa na nguvu ya kumbembeleza mtu kwenye simu mbovu. Alisema kesho, akakata.

Kesho yake walifika Almalu-Bulak kabla ya jua kuwa kali. Mvua nyepesi ilikuwa imenyesha usiku na hewa ilikuwa vuguvugu. Zuura alitoa mkono dirishani, akasonya alipohisi unyevu wake.

"Hali ya hewa mbaya hii," alisema. "Ya kuambukiza."

Nyumba ya kwanza hakukuwa na mtu. Ya pili vilevile. Ofisi ya mkuu wa kijiji ilikuwa imefungwa. Ndipo Sairagul akasikia watu wakiimba kule juu, na chini ya wimbo ule mlio mwembamba wa vyuma, mingi kwa pamoja. Alianza kukimbia, na yeye si mtu wa kukimbia.

Lango la Ryskul lilikuwa wazi. Uani palikuwa na sufuria kubwa juu ya moto, kondoo ameshachinjwa, na wanawake walikuwa wakikaanga maandazi. Shambani kijiji chote kilikuwa mitini. Wanaume juu ya ngazi, vijana chini, watoto wakiokota. Matawi yote yaliyovunjwa na mvua ya mawe yalikuwa yamekatwa, mstari baada ya mstari, vizuri na kwa upendo. Sajenti Ulan hakuwepo, alikuwa zamu ya barabarani tangu alfajiri, na kama alikuwa amemwambia mtu yeyote aliyoyaona chini ya mti wake, haikuonekana.

Ryskul alikuwa ameketi mbele ya chai, amevaa shati safi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Wamekuja wenyewe," alisema. "Jumadil alibisha hodi akiwa amevua kofia. Kofia, kapteni."

"Nilikuambia." Sairagul hakuweza kupandisha sauti. "Nilikuambia jana, neno kwa neno."

"Uliniambia."

"Ungewaambia waoshe mikasi. Spiriti tu."

"Wangeniuliza kwa nini. Ningesema nini? Kwamba ni nyinyi wenyewe mlioua miti yenu, kwa mikono yenu, siku mliyosaidiana? Na ninyi mmesimama langoni kwangu mnaomba msamaha?" Alimmiminia chai, bakuli nusu, kama anavyomiminiwa mgeni anayetakiwa akae. "Nilisimama pale nimeshika komeo. Nikafikiria miti. Nikafikiria na ile siku niliyochelewa. Kisha nikafungua."

Zuura alikuwa amewafikia, anahema, na alishaona. Akafungua kinywa apige kelele. Sairagul akamshika mkono wa koti.

"Imebaki mistari miwili," alisema Zuura. "Tunaweza kuiokoa."

"Shamba ni lake, daktari."

"Mtawaeleza," alisema Ryskul. "Mtawaeleza yote, nami nitakuwepo. Ila wacheni kwanza wale."

Sairagul alipaswa kusema jambo. Alikuwa na nembo begani na ukweli mzima mdomoni, na ilikuwa kosa lake kwamba ukweli huo ulichelewa usiku mmoja. Lakini aliketi, akapokea bakuli, akanywa.

Mistari miwili ikaisha. Jumadil akaja kutoka shambani, kofia kichwani sasa, na watu wote nyuma yake. Alisimama mbele ya mtufaha ulio karibu na nyumba, ambao walikuwa wameuacha kwa makusudi.

"Wa mwisho hukatwa na mwenye shamba," alisema, akanyoosha mkasi wake kwa Ryskul, mpini mbele. "Kata, ndugu yangu."

Mkasi ulikuwa na utomvu kwenye bawaba. Ryskul aliupokea kwa mikono miwili. Alimtazama Sairagul kidogo tu, akageukia mti, akachagua chipukizi lililovunjika, akalikata mshazari, safi, kama alivyofundishwa na baba yake.

Jumadil akafungua viganja kuomba dua. Watu wote wakafungua vyao, na dua ilipokwisha wakapangusa nyuso kwa pamoja. Sairagul naye akapangusa uso wake, kwa kuwa kila mtu alifanya hivyo, na kwa kuwa alikuwa amechoka.